Ziwa na mlima mnadani: picha ya Uswisi, ya Uskoti au ya Marekani?

Ukifungua katalogi ya mnada wa picha za rangi ya mafuta za karne ya 19, iwe imetolewa London, Zurich au New York, hutakosa kuona mandhari ileile ikijirudia: ziwa lililotulia, mlima unaojitazama ndani ya maji, anga inayogeuka rangi, na kando ya maji mashua, mvuvi au kundi la ng'ombe. Kwa jicho la haraka picha hizo ni ndugu wa tumbo moja. Hata hivyo moja huuzwa kwa mamia ya dola, na nyingine, yenye vipimo vilevile na utulivu uleule, ikauzwa kwa mamia ya maelfu, na mnunuzi mgeni hubaki akijiuliza tofauti imetoka wapi na fedha yake aielekeze upande gani.

Ulinganisho huu ni kwa ajili ya mnunuzi huyo: mtu aliyekwisha kuamua kwamba anataka ziwa na mlima ukutani mwake, mwenye uwezo wa kununua picha moja nzuri na si tano, na anayesita kati ya mikondo mitatu inayoonekana mara nyingi mnadani. Wa kwanza ni wa Uswisi, uliokulia Geneva na kandokando ya maziwa ya Alpi. Wa pili ni wa Waingereza wa zama za Malkia Victoria waliochora maziwa ya Uskoti, yale ambayo Waskoti wenyewe huyaita loch. Wa tatu ni wa Marekani, ulioanzia bonde la Mto Hudson na kuishia katika Milima ya Rocky na Sierra Nevada.

Nitaipima mikondo yote kwa vigezo vinne: uhakika wa jina la mchoraji, hali ya turubai, ukweli wa mahali palipochorwa, na jumla ya gharama. Uzuri sikuuweka miongoni mwa vigezo, kwa sababu uzuri mnunuzi huuona mwenyewe bila kusaidiwa. Asichokiona ni kile kilichoko nyuma ya turubai na katikati ya maneno ya katalogi, na huko ndiko fedha nyingi hupotelea.

Jina, na neno linalotangulia jina

Katika nyumba kubwa za mnada, kama Sotheby's iliyoanzishwa mwaka 1744 na Christie's iliyoanzishwa mwaka 1766, jina la mchoraji haliandikwi ovyo. Jina kamili likisimama peke yake, nyumba inasema kwamba kwa maoni yake picha ni ya mkono wa mchoraji huyo. Likitanguliwa na maneno yenye maana ya "inadhaniwa kuwa ya", nyumba inaona kwamba yamkini ni yake, lakini haiko tayari kulisimamia jambo hilo moja kwa moja. Kutoka hapo ngazi zinashuka. Karakana ya fulani maana yake ni kwamba picha ilitoka chini ya paa lake, pengine yeye akisimamia. Mduara wa fulani, kwamba ni ya zama zake na inaonyesha athari yake. Mfuasi wa fulani, kwamba aliyeichora alifuata njia ya bwana huyo bila kuwa lazima mwanafunzi wake. Kwa mtindo wa fulani, kwamba ilichorwa baadaye. Na mwisho kabisa, nakala kutoka kwa fulani, ambayo inaweza kuwa ya wakati wowote. Sahihi nayo ina ngazi zake. Katalogi ikisema picha "imetiwa sahihi", nyumba inaamini kwamba mchoraji mwenyewe ndiye aliyeandika. Ikisema picha "ina sahihi", huenda iliandikwa na mkono mwingine. Maana ya kila neno huelezwa katika kurasa za masharti za katalogi yenyewe, na kama ningeruhusiwa kumpa mnunuzi mgeni ushauri mmoja tu kati ya yote yaliyomo humu, ningemwambia azisome kurasa hizo kabla hajatazama picha hata moja.

Kwa upande wa Uswisi, jina ambalo neno hilo la mbele huliandama zaidi ni la Alexandre Calame, aliyezaliwa Vevey, kando ya Ziwa la Geneva, mwaka 1810 na kufariki Menton mwaka 1864. Alifundishwa na François Diday mjini Geneva, na mwaka 1839 akapata medali katika maonyesho ya Salon ya Paris kwa picha ya dhoruba huko Handeck, ambayo leo iko katika jumba la makumbusho la Geneva. Calame alitoa pia litografu, yaani michapisho inayochorwa kwanza juu ya jiwe, za miti, miamba na milima ambazo zilitumiwa sana kama vielelezo vya kufundishia uchoraji, na ndiyo maana mikono iliyojifunza kwa kumnakili ni mingi. Ferdinand Hodler mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kuwa mchoraji mkubwa kuliko wote wa Uswisi, alianza ujana wake kwa Ferdinand Sommer mjini Thun, akijifunza kutengeneza mandhari za Alpi za kuuziwa watalii, kisha akaenda Geneva kunakili picha za Calame katika makumbusho. Fikiria basi ni vijana wangapi wasio Hodler walipita njia hiyohiyo, na kazi zao sasa ziko wapi. Nyingi ziko mnadani, bila jina, au na jina lisilo lao. Zaidi ya hayo, Calame alikuwa na mwana, Arthur Calame (1843–1919), naye mchoraji, na "A. Calame" ni kifupisho kinachoweza kumfaa baba na mwana pia.

Faida ya mkondo huu ni kwamba kazi ya kuchambua majina imefanywa kwa makini. Orodha kamili ya picha za Calame ilichapishwa mwaka 1987, na mandhari za Hodler zimeorodheshwa na taasisi ya utafiti wa sanaa ya Uswisi, SIK-ISEA, yenye makao yake Zurich. Fungu, yaani kitu kimoja kinachonadiwa, likiletwa kwa jina la Calame au Hodler, swali la kuuliza ni fupi na jibu lake linaweza kuhakikiwa: je, picha hii imo katika orodha, na kwa namba gani? Kutokuwamo hakumaanishi moja kwa moja kwamba si halisi, ila kunamhamishia mnunuzi mzigo ambao pengine hana uwezo wa kuubeba.

Uskoti huleta mchanganyiko wa namna nyingine, ule wa koo. Edward Williams (1781–1855) wa London alikuwa na wana sita, wote wakawa wachoraji wa mandhari, na watatu kati yao waliacha jina la ukoo ili kazi zao zisichanganywe na za ndugu zao: mmoja akajiita Henry John Boddington, mwingine Arthur Gilbert, na wa tatu Sidney Richard Percy (1822–1886), ambaye picha zake za Wales, za nyanda za juu za Uskoti na za maziwa ya kaskazini mwa Uingereza ndizo zinazotafutwa zaidi leo. Wote walikua katika nyumba moja na mbinu zao zinafanana, hivyo picha isiyo na sahihi inaweza kupewa jina la ndugu yeyote kulingana na bei inayotakiwa. Percy, kwa bahati nzuri, alikuwa na desturi ya kutia sahihi na mwaka. Baada yake akaja Alfred de Bréanski (1852–1928), bingwa wa loch ya jioni yenye mwanga wa dhahabu, ukungu mlimani na ng'ombe wenye manyoya marefu ukingoni. Mwanawe, Alfred Fontville de Bréanski, alichora mada zilezile na jina lake la kwanza ni lilelile. Bei ya baba na ya mwana hazilingani, kwa hiyo herufi moja iliyosomwa vibaya katikati ya sahihi inaweza kumgharimu mtu sana. De Bréanski baba mara nyingi aliandika jina la mahali nyuma ya turubai pamoja na sahihi yake. Omba picha ya upande huo, na usikubali kuambiwa kwamba haina umuhimu.

Marekani hali ni ya kupanda juu sana na kushuka chini sana. Juu kuna majina machache yaliyochunguzwa kila upande: Thomas Cole (1801–1848), mzaliwa wa Bolton huko Uingereza, ambaye safari yake ya kuchora kando ya Mto Hudson mwaka 1825 huhesabiwa kuwa mwanzo wa mkondo mzima, John Frederick Kensett (1816–1872), aliyelichora Ziwa George kwa utulivu ambao sijauona kwa mwingine, na Albert Bierstadt (1830–1902), mzaliwa wa Solingen aliyelelewa New Bedford, akasomea Düsseldorf, kisha akasafiri kwenda magharibi mwaka 1859. Chini yao liko kundi kubwa la picha ambazo katalogi huziita kwa urahisi za mkondo wa Hudson, bila jina la mtu. Nyingi ni kazi za wapenzi wa uchoraji waliofuata vitabu vya mafunzo au michapisho, na baadhi zina haiba ya kweli. Hatari ni kwamba jina la mkondo hufanya kazi ya jina la mtu: mnunuzi husoma "Hudson" akasikia "Kensett". Kwa Bierstadt, tazama jinsi herufi A na B zilivyounganishwa katika sahihi, lakini usiifanye sahihi kuwa ushahidi pekee, kwa kuwa ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kughushi.

Kwa kigezo hiki, Uswisi ina nafuu kwa anayetaka jina linaloweza kuthibitishwa kwa orodha, Uskoti ina nafuu kwa anayetaka picha yenye sahihi bila kutumia mali yote, na Marekani humfaa ama mwenye fedha nyingi ama asiyejali jina kabisa.

Hali ya turubai

Ziwa na anga ndizo sehemu ambazo mchoraji huweka rangi nyembamba zaidi, na ndizo ambazo msafishaji asiye na subira huharibu kwanza. Tatizo hili ni la mikondo yote mitatu. Vanishi ya zamani hugeuka manjano, theluji ikawa na rangi ya chai na maji ya buluu yakaelekea kijani. Kisha mtu akaisafisha kwa nguvu, na pamoja na vanishi akaondoa ukungu laini ambao mchoraji aliufanyia kazi siku nyingi. Ukiona mlima uliochorwa kwa kina ukisimama juu ya ziwa lililo tupu kama ukuta, shuku kwamba ziwa hilo lilikuwa na kitu na sasa hakipo.

Nyumba ya mnada hutoa taarifa ya hali kwa kila fungu ikiombwa, na kwa kawaida haitozi malipo. Iombe daima. Tafuta ndani yake mambo manne: kama turubai limebandikwa turubai jingine nyuma yake, kama kuna nyufa na rangi inayobanduka, kama kuna sehemu zilizopakwa rangi upya, na kama picha imechunguzwa chini ya taa ya miale ya urujuanimno (ultraviolet). Chini ya taa hiyo vanishi ya zamani hung'aa kwa rangi ya kijani, na viraka vilivyopakwa karibuni huonekana kama madoa meusi. Madoa machache kwenye anga ni uzee wa kawaida. Madoa yanayoizunguka sahihi ni jambo jingine.

Tofauti za mikondo zipo pia. Baadhi ya wachoraji wa Uingereza walipenda lami katika rangi za kahawia za mbele ya picha, na lami haikauki vizuri. Baada ya miongo kadhaa hupasuka mapande mapana yanayofanana na ngozi ya mamba, na hakuna fundi awezaye kuirudisha ilivyokuwa. Kwa hiyo katika picha ya Uskoti kagua kwanza miamba na vichaka vya giza vya pembe za chini. Wamarekani wa aina ya Kensett walijenga mwanga kwa tabaka nyembamba zinazopitisha nuru, na tabaka hizo zikisuguliwa hazirudi. Michoro ya maandalizi ya Calame na ya Bierstadt mara nyingi ilifanywa kwa rangi ya mafuta juu ya karatasi, kisha ikabandikwa kwenye turubai au ubao. Humo tazama kingo, kwa kuwa huko ndiko karatasi huanza kuinuka.

Nyuma ya picha husema mengi. Muhuri wa muuza vifaa, kama Winsor & Newton walioanza mwaka 1832, huonyesha kwamba turubai haliwezi kuwa la kabla ya hapo. Kiunzi cha mbao chenye kabari za kukaza pembeni, misumari iliyopata kutu, lebo za maonyesho na namba za minada ya zamani zilizoandikwa kwa chaki vyote ni ushahidi. Uchunguzi wa rangi nao hutoa ushahidi wa tarehe: nyeupe ya titani ilianza kutumiwa na wachoraji karibu miaka ya 1920, kwa hiyo ikipatikana katika theluji ya picha inayosemwa kuwa ya mwaka 1860, ama picha imetengenezwa upya au haikuchorwa mwaka huo. Pia ipo hatari ya oleografu, yaani chapa ya rangi iliyobandikwa kwenye turubai, ikakandamizwa ili ionekane na mikwaruzo ya brashi, kisha ikapakwa vanishi. Lenzi ya kawaida hutosha kuifichua, kwa sababu chini ya lenzi utaona vitone vya chapa mahali pa rangi iliyosukumwa kwa mkono.

Msomaji anayekusudia kuipeleka picha Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ana jambo la ziada la kupima, ambalo mnunuzi wa Geneva halifikirii. Picha nyingi za karne ya 19 zilizobandikwa turubai la pili zilibandikwa kwa gundi ya unga na ya wanyama, na katika joto na unyevu wa pwani gundi hiyo ni chakula cha ukungu na wadudu. Zile zilizobandikwa kwa nta huvumilia unyevu vizuri zaidi, ila nta hulegea joto likizidi. Fremu za plasta zilizopakwa dhahabu hupasuka unyevu unapopanda na kushuka kila siku, na bungua hawachagui kati ya mbao za Ulaya na mbao za hapa. Kwa nyumba ya pwani, picha ambayo haijawahi kubandikwa tena na ambayo kiunzi chake ni kizima ni bora kuliko picha yenye jina kubwa zaidi lakini mgongo uliochoka. Katika jambo hili hakuna mkondo unaoushinda mwingine. Ni la kuuliza fungu kwa fungu.

Ukweli wa mahali

Wapo wanaonunua ziwa kwa sababu wamewahi kusimama kando yake. Kwao picha za Uswisi ni rahisi kuhakikisha, kwa kuwa milima ile ina maumbo yasiyosahaulika: Niesen juu ya Ziwa Thun una mita 2,362 na umbo la piramidi, na Dents du Midi, zenye kilele cha mita 3,257, huonekana kama meno nyuma ya mwisho wa mashariki wa Ziwa la Geneva. Linganisha umbo la kilele na picha za kisasa kabla hujaamini jina lililoandikwa kwenye fremu. Historia ya mahali nayo hutoa tarehe. Barabara ya Axen, iliyochongwa katika majabali ya Ziwa Lucerne, ilifunguliwa mwaka 1865, yaani mwaka mmoja baada ya kifo cha Calame. Picha yenye jina lake inayoonyesha barabara hiyo imekwisha kujishitaki yenyewe.

Uskoti ni kinyume chake. Wateja wa miji mikubwa ya Uingereza walipenda hali ya nyanda za juu kuliko ramani yake, hasa baada ya Victoria na mumewe kuinunua Balmoral mwaka 1852, na wachoraji waliwapa walichotaka: loch, ukungu, ng'ombe. Ben Lomond ina mita 974 tu, lakini katika picha nyingi imenyanyuliwa ikakaribia kuwa ya Alpi. Majina ya mahali yaliyobandikwa na wauzaji wa baadaye si ya kutegemewa. Jina lililoandikwa nyuma kwa mkono wa mchoraji mwenyewe lina uzito, na bila hilo nunua picha kama loch fulani ya Uskoti, usiilipie jina la loch maarufu.

Bierstadt hakudai kuwa mpimaji wa ardhi. Picha yake kubwa ya Milima ya Rocky yenye kilele alichokiita cha Lander, ya mwaka 1863, ina upana wa zaidi ya mita tatu, na mandhari yake yameunganishwa kutokana na michoro ya safari. Iliuzwa kwa dola 25,000 mwaka 1865 na sasa iko Metropolitan Museum ya New York. Hapa nataka kutaja jambo moja linalonigusa kila ninapolinganisha mikondo hii: picha kubwa iliyomtambulisha Bierstadt New York mwaka 1858, kabla hajaiona Milima ya Rocky, ilikuwa ya Ziwa Lucerne, ziwa lilelile la Calame, na leo iko National Gallery of Art mjini Washington. Ukitazama maziwa yake ya Marekani baada ya kuiona hiyo, unaitambua Alpi ndani yake. Kensett ni tofauti: Ziwa George lake ni Ziwa George, lenye vilima vya kimo chake halisi.

Jumla ya gharama

Bei ambayo dalali huigongea nyundo si bei utakayolipa. Juu yake kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 20 na 30, na kodi. Chukua mfano wa picha iliyogongewa pauni 4,000 mjini London kwa ada ya asilimia 25: ada ni pauni 1,000, kodi ya asilimia 20 juu ya ada hiyo ni pauni 200, na jumla inakuwa pauni 5,200, kabla ya kufunga, bima, usafirishaji, ushuru wa nchi inakokwenda, na ghala ukichelewa kuichukua. Anayepandisha dau kupitia mtandao huenda akatozwa asilimia nyingine kadhaa na jukwaa analotumia. Andika kiwango chako cha mwisho kwa kuanzia jumla ukirudi nyuma hadi kwenye nyundo, kisha usikivuke.

Kwa viwango, picha za Percy na za de Bréanski baba kwa kawaida huuzwa kwa maelfu ya pauni, na zilizo bora hufika makumi ya maelfu. Mchoro mdogo wa Calame unaweza kupatikana kwa maelfu ya faranga, ilhali picha zake kubwa za ziwa hupanda mbali zaidi. Hodler yuko katika dunia yake: Ziwa la Geneva lililotazamwa kutoka Saint-Prex liliuzwa na Sotheby's mjini Zurich mwaka 2007 kwa karibu faranga milioni 10.9. Michoro midogo ya Bierstadt huanzia makumi ya maelfu ya dola, na picha zake kubwa zimekwisha kuvuka milioni, wakati kazi zisizo na jina za mkondo wa Hudson hupatikana kwa mamia au maelfu machache.

Makadirio yaliyochapishwa hayana ada ndani yake, nayo huwekwa chini kidogo ili kuvuta watu. Yapo pia mafungu yenye bei ya chini ya siri ambayo muuzaji hatakubali kuishusha. Yasipoifikia hurudi nyumbani bila kuuzwa, na baada ya miezi hutokea tena mahali pengine kwa makadirio mapya. Kumbukumbu za minada iliyopita zinapatikana mtandaoni, na dakika 20 za kuzipekua zitakuonyesha kama loch unayoitamani imekwisha kukataliwa mara mbili. Kukataliwa si aibu, lakini kunakupa haki ya kuuliza kwa nini.

Nani achague ipi

Kama hii ni picha yako ya kwanza ya mnadani na bajeti yako ni ya maelfu machache, loch ya Uskoti yenye sahihi, mwaka na maandishi nyuma itakupa uhakika mwingi zaidi kwa fedha hiyo. Epuka zile zenye nyufa za lami, na ukubali kwamba mlima huenda umerefushwa.

Kama unataka picha itakayosimama mbele ya mtaalamu yeyote, na uko tayari kununua ndogo ili iwe halisi, tafuta mchoro wa Uswisi uliomo katika orodha iliyochapishwa. Mchoro wa sentimita 30 wa Calame wenye namba yake ni mali tulivu kuliko turubai la mita moja linaloitwa la mduara wake. Ndivyo ilivyo pia kwa aliyeishi au kusoma Uswisi na anataka ziwa analolijua, kwa kuwa hapo mlima wenyewe unamsaidia kuhakiki.

Kama unanunua kwa macho na si kwa jina, kazi ya Marekani isiyo na jina inaweza kukupa mwanga mzuri kwa bei ndogo, mradi ulipe bei ya picha isiyo na jina. Mwenye uwezo wa Kensett au Bierstadt asinunue bila mshauri wake mwenyewe, asiyelipwa na nyumba inayouza.

Kama picha itaishi pwani ya Afrika Mashariki, mkondo uwe swali la pili na mgongo wa turubai liwe la kwanza. Mwulize fundi wa kuhifadhi picha kabla ya mnada, tenga ukuta wa ndani usiopakana na bafu wala jiko, na acha nafasi ya vidole viwili kati ya fremu na ukuta ili hewa ipite.

Na kama huwezi kufika kuitazama ana kwa ana, omba kwa maandishi taarifa ya hali, picha ya nyuma, picha ya sahihi kwa karibu na picha iliyopigwa chini ya miale ya urujuanimno. Nyumba isiyoweza kukupa hivyo vinne kwa fungu unalotaka, iwe la Uswisi, la Uskoti au la Marekani, iache ilinadi kwa wengine.